Mafuta Yanayozama

Nilikuwa nimeahidiwa harufu. Kila aliyewahi kufika Pemba aliniambia maneno yaleyale: meli haijatia nanga, pua yako imeshashuka, karafuu zanukia mpaka baharini. Asubuhi ile tulipoingia Mkoani nilisogea ubavuni mwa meli nikavuta pumzi. Nikasikia dizeli. Nikasikia ndimu ambayo mama mmoja alikuwa akiinusa tangu Unguja ili asitapike. Na chini ya kanga nikasikia dawa ya kuungua niliyojipaka kiunoni, maana karafuu nilizozifuata Pemba zilikuwa zimeshaniunguza nikiwa kwangu Mbagala.

Kisa chenyewe ni kifupi na cha aibu. Wiki tatu kabla ya safari nilinyanyua ndoo vibaya, kiuno kikakaza. Ndani nilikuwa na chupa ya kahawia ya mafuta ya karafuu, mililita 30, niliyoinunua kwa ajili ya biashara yangu ndogo ya mafuta ya nywele. Muuzaji alikuwa ameniambia ni ya asili, hayana kemikali, paka popote. Binti yangu akamimina kiganjani akanisugua kiuno kizima. Dakika tano za mwanzo nilisikia joto zuri. Dakika kumi, pilipili. Robo saa haijaisha nilikuwa bafuni najimwagia maji kata kwa kata, na maji yakawa yanateleza tu juu ya ngozi kama yanavyoteleza juu ya jani la mgomba. Kulipokucha kiuno kimejaa malengelenge. Kwenye zahanati niliulizwa nimeungua na nini. Nikasema mafuta. Daktari akaandika mafuta ya moto ya kukaangia, na mimi sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Lililoniuma zaidi halikuwa kiuno. Kwa miezi mingi nilikuwa natia kizibo kimoja cha mafuta hayohayo kwenye kila chupa ya mafuta ya nazi niliyouza. Jirani yangu mmoja alishanilalamikia kuwa utosi unamwasha na masikio yanambabuka. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa: "Ndiyo dawa inafanya kazi hiyo, shoga." Sasa nilijua dawa ilikuwa inafanya kazi gani.

Wifi yangu ameolewa Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, na kazi yake ni duka la dawa. Nilipompigia simu kumweleza alicheka, akanyamaza, akasema: "Njoo. Kiwanda cha makonyo kiko huku kwetu. Njoo uyaone yanakotoka."

Kwenye basi kutoka Mkoani, dirisha lilinifunza zaidi ya pua. Pemba ni vilima: unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila bonde ni kijani cha namna yake. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani. Mikarafuu ni mirefu kuliko nilivyofikiri, imesimama kama watu wazima kwenye foleni, na wachumaji wanakuwa juu kabisa, unaona miguu tu. Tulipofika kwenye kijiji cha kwanza chenye majamvi barabarani, ndipo harufu ikaja. Karafuu zimeanikwa pembeni mwa lami, nyingine za kijani na nyekundu za jana, nyingine zimeshakuwa kahawia, na dereva akizikaribia anahamia upande wa pili bila kuambiwa. Nadhani hata mbuzi wa kule wanajua.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Unguja ndiyo iliyotangulia kushiba mashamba. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ukisema karafuu za Zanzibar, nyingi unazozisema ni za Pemba.

Kesho yake asubuhi wifi akanipeleka kiwandani. Kiwanda ni cha ZSTC, shirika la serikali ambalo ndilo mkulima wa Zanzibar anaruhusiwa kuliuzia karafuu zake. Mgeni anaandikisha jina, analipa kiingilio, anapewa mtu wa kumzungusha. Wetu alikuwa kijana mpole aliyeniita mama kila baada ya maneno matatu.

Neno makonyo nilikuwa silijui. Karafuu haioti peke yake. Inakaa kwenye vishada, na kila kishada kina vikonyo vinavyobeba punje. Jioni watu hukaa barazani wakachambua, punje huku, makonyo kule. Punje ndiyo karafuu ya pilau. Makonyo ndiyo haya yaliyokuwa yamerundikwa mbele yangu, makavu, yananukia kwa ukali kuliko punje zenyewe. Yanashindiliwa kwenye tangi la chuma, mvuke unapitishwa kutoka chini, unapanda kati ya makonyo ukichukua mafuta, unatoka juu kwa bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, mvuke unarudi kuwa maji. Pamoja na maji yanashuka mafuta.

Yule kijana akaninyooshea chupa ya kioo iliyokingwa pale yanapotokea. Maji yenye ukungu kidogo. Nikatafuta mafuta juu, kama unavyotafuta mafuta juu ya mchuzi. Hakuna.

"Mama, tazama chini."

Yalikuwa chini. Tabaka la rangi ya chai nyepesi, zito, limetulia kwenye kitako cha chupa, na maji yote juu yake. Akaitikisa kidogo, vitone vikaparaganyika, vikaanza kushuka tena kimoja kimoja, polepole, kama punje za mchele kwenye sinia la kuoshea. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Ya mchaichai, aliniambia, yanaelea. Haya yanazama.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ustaarabu unavyoruhusu. Lugha yetu ilikuwa imenidanganya. Kwa Kiswahili petroli ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya alizeti ni mafuta, na ya kujipaka baada ya kuoga ni mafuta. Hakuna mtu wa Mbagala ambaye angejipaka petroli kiunoni kwa sababu tu inaitwa mafuta. Lakini chupa ikiandikwa karafuu, kitu tunachokula, kichwa kinakwenda moja kwa moja kwenye mafuta ya nazi. Walioandika vitabu vya sayansi huyaita mafuta tete, na nakiri ni neno zuri, ila sijalisikia sokoni. Kijana wa kiwandani aliyaita mafuta matupu. Nimelichukua hilo.

Nikamuuliza ni makonyo mangapi yanatoa chupa kama ile yangu. Kwa kawaida kilo moja ya makonyo makavu hutoa gramu 50 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Nikapiga hesabu kwenye simu. Chupa ndogo kabisa, ya mililita 10, imebeba gramu 200 za makonyo. Pilau ya watu sita kwangu naitia punje kumi, na mume wangu bado husema zimezidi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Ndicho kinachotia ganzi jino linalouma, na ndicho kilichonibabua.

Nikatoa chupa yangu mkobani kumwonyesha. Akaigeuza, akabinya kile kimpira cha kudondoshea. Kilikuwa kimelegea, kinanata vidoleni kama bigijii. Mimi nilidhani ni joto la Dar. Akatikisa kichwa: mafuta haya yanakula mpira, na plastiki nyingine yanailainisha kabisa, ndiyo maana yanawekwa kwenye kioo cheusi chenye kizibo cha kawaida. Nikaitazama chupa, nikakumbuka kiuno.

"Sasa mtu ayatumieje kwenye ngozi?" nikamuuliza.

"Sisi hapa tunatoa matupu, mama. Kuyazimua ni kazi yako."

Kuzimua! Neno la bibi yangu, alilolitumia kwa uji uliozidi ukali wa ndimu. Sikuwa nimelisikia miaka kadhaa.

Jioni ile darasa lilihamia uani kwa mkwe wa wifi, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi. Alikuwa anapika mafuta ya nazi. Nazi zilishakunwa kwenye mbuzi, tui limeshakamuliwa, chicha kwa kuku, na sasa tui linachemka kwenye sufuria juu ya kuni taratibu, limekatika, povu limekuwa mafuta. Nilimsimulia kisa changu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekula sabuni.

"Hata pilipili huipaki tupu, mwanangu. Karafuu ya bwana harusi na bibi harusi tunaitwanga."

Alikuwa anazungumzia singo. Bibi harusi wa huku husuguliwa mwili kwa karafuu zilizotwangwa pamoja na asumini, mawaridi, liwa, zikalowekwa marashi. Karafuu ipo, lakini ni ile nzima, mafuta yake bado yamefungwa ndani ya punje, na imezungukwa na vitu vingine vingi vipole, kisha inaoshwa. Bibi hajawahi kusikia habari ya asilimia. Kuzimua anakujua.

Asilimia alizileta wifi, akirudi kutoka dukani na mabomba matatu ya sindano ya mililita moja, bila sindano zake, na kikombe cha kupimia dawa ya maji. Akaanza kwa kukipima kile kizibo changu maarufu. Mililita 5. Chupa zangu za nywele ni mililita 100. Kwa hiyo nilikuwa nauza asilimia 5. Akaniambia kipimo cha juu cha karafuu kwenye ngozi ya mtu mzima, kile kinachotajwa na Robert Tisserand na Rodney Young katika kitabu chao kikubwa cha usalama wa mafuta haya, toleo la 2014, ni asilimia 0.5. Nilikuwa nimewapaka majirani zangu mara kumi ya hapo. Kiuno changu chenyewe kilipakwa asilimia 100.

Asilimia 0.5 ni rahisi kuliko inavyosikika. Katika mililita 100 za mafuta ya nazi, nusu mililita ya karafuu. Basi. Vitabu vingi husema mililita moja ni matone 20, kwa hiyo ungetarajia matone 10, lakini usiku ule tulihesabu. Kidondoshea kimoja kilitoa matone 10 yasiyofika hata mistari minne ya bomba. Chupa nyingine yenye mdomo mpana iliuvuka ule mstari wa tano. Tone si kipimo. Bomba la sindano la shilingi mia chache ndilo kipimo, na unalitumia mara moja, kwa sababu mafuta matupu yatalilainisha nalo.

Mafuta ya kuzimulia yenyewe hayana uchawi. Kazi yake ni kuyatawanya yale makali na kuyakalisha juu ya ngozi kwa upole, na yoyote kati ya haya ya kwetu yatafaa: ya nazi, ya ufuta, ya alizeti yaliyokamuliwa, ya ubuyu kwa mwenye uwezo. Ya nazi huganda asubuhi za baridi za Lushoto au Iringa, maana chini ya nyuzi 24 hivi yanakuwa kama samli. Unayeyusha kwa kuitia chupa kwenye maji ya vuguvugu. Kisichofaa ni maji. Mtu anadondosha matone kwenye beseni la kuogea akidhani beseni zima limeyazimua, kumbe yameelea au yamezama vilevile yalivyo, yanasubiri ngozi. Ndiyo maana kata zangu zote za bafuni hazikunisaidia. Ukijimwagia mafuta matupu, alisema wifi, kwanza futa kwa kitambaa, pakaa mafuta ya kupikia juu yake uyafute tena, halafu ndiyo sabuni na maji.

Tukachanganya chupa ya kwanza. Nikainusa, nikanuna. Ilinukia nazi, na karafuu kwa mbali, kama jirani anayepika. Nani atanunua?

"Weka mkononi ungoje," alisema wifi.

Kitone kimoja upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, nikakifunika kwa plasta. Kungoja ni saa 24, ikiwezekana 48, na ukiona wekundu au ukisikia muwasho, unaosha na mchanganyiko ule si wako. Mimi nilikuwa na haraka ya kujua, nikaichungulia plasta kabla hata ya usiku wa manane. Wifi akanipiga kofi la mkono. Akanieleza jambo ambalo ningependa muuzaji wangu angenieleza: kuungua ni kitu kimoja, na ngozi kukataa ni kingine. Malengelenge yanapona. Lakini ngozi iliyopakwa karafuu kali mara kwa mara inaweza siku moja kuikataa, na ikishaikataa, kwa kawaida haisamehi. Baada ya hapo hata tone dogo linaiwasha, na yujenoli imo pia kwenye manukato mengi na kwenye dawa za kuzibia meno. Unaweza kwenda kwa daktari wa meno miaka kumi baadaye ukarudi umevimba mdomo kwa sababu ya chupa ya mafuta ya nywele. Nikamfikiria yule jirani na masikio yake.

Kutoka kiwandani nilikuwa nimenunua pia mafuta ya mchaichai na ya majani ya mdalasini, nikiwa na ndoto ya kutengeneza mchanganyiko wa viungo vyote. Ndoto hiyo nayo ilikaguliwa pale uani. Mchaichai mwisho asilimia 0.7. Mafuta ya majani ya mdalasini asilimia 0.6, na yale ya ganda la mdalasini ni ukali mwingine kabisa, 0.07, yaani kwenye ngozi ni bora uyaache. Nikasema basi nitie karafuu 0.5 na majani ya mdalasini 0.6, yote yamo ndani ya kipimo. Wifi akakataa. Mafuta ya majani ya mdalasini sehemu yake kubwa nayo ni yujenoli ileile. Ukitia yote mawili kikomo umetia dozi karibu maradufu ya kitu kimoja chenye majina mawili. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa vipimo si vya jina la mmea, ni vya kilichomo ndani yake.

Mafuta ya ndimu na ya limau sikununua, lakini mama mmoja aliyekuja kumwamkia Bibi aliuliza. Yale yanayokamuliwa kwenye ganda bila mvuke huifanya ngozi iungue na jua hata saa 12 au zaidi baada ya kupaka. Kwa watu wa pwani, wanaotoka saa sita mchana kwenda sokoni, mimi naona hukumu ni rahisi. Mkaratusi usikaribishwe kwenye uso wa mtoto mchanga, kwa sababu unaweza kumbana pumzi. Na karafuu haipakwi mtoto wa chini ya miaka miwili, wala kwenye kidonda, wala karibu na macho.

Jioni ya siku ya nne nilikuwa tena kwenye meli. Saa 48 zilikuwa zimetimia tukiwa katikati ya bahari. Nikabandua plasta. Ngozi ilikuwa ngozi. Nikainusa: nazi, na karafuu kwa mbali.

Mbagala nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya chupa zangu. Nilipata 11. Yule jirani nilimweleza kila kitu, kuanzia kizibo mpaka asilimia, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alinidai elfu tano yake, nikampa, akaniambia anakwenda kuoga. Usiku nikakaa na kalamu: ili chupa hizo 11 zifikie asilimia 0.5 ningehitaji karibu lita 10 za mafuta ya nazi. Nikaziacha. Ziko juu ya kabati, zimefungiwa, pamoja na kile kichupa kilichobaki. Mtoto mdogo akinywa mafuta matupu ya karafuu, hata mililita 5 hadi 10 tu, yanaweza kumtia kwenye koma na kuharibu ini lake, na mjukuu wangu ameanza kupanda viti.

Chupa mpya zinauzwa polepole. Wateja wanalalamika hazinukii. Kila moja nimeiandika kwa mkono: karafuu 0.5, nazi 99.5, tarehe niliyochanganya, jaribu mkononi kwanza.

Nawe msomaji, ukisimama dukani mbele ya chupa ya kahawia iliyoandikwa mafuta ya karafuu, kabla hujatoa pesa muulize muuzaji kama ni matupu au yamezimuliwa, na yamezimuliwa kwa asilimia ngapi. Akikujibu kuwa ni ya asili na hayana madhara, mrudishie chupa yake.